Kahawa ya Mzee Kibwana, na Harusi Aliyotuachia

Umetimia mwaka, Kibwana bin Mwinjuma, tangu ulipotutoka ukiwa umekaa barazani kwako Mwembesongo, kitabu magotini. Mpaka leo hatujaamini. Mtu hakuumwa, hakukohoa, alasiri anadai kahawa, magharibi tunatafuta sanda!

Ulikuwa fundi cherehani, na kazi yako ilikuwa nzuri, ulipoifanya. Lakini hadithi za mapenzi, Mzee wetu, zilikuwa ugonjwa wako. Tangu ulipoinakili ya kwanza kwa mkono wako, ukiwa kijana huko Bagamoyo, hukulala bila kusoma kurasa mbili tatu. Nani atasahau kanzu ya Hatibu? Uliishona ukaliziba tundu la shingo, kwa sababu siku ile binti wa hadithini alikuwa anaozwa kwa asiyempenda, nawe unalia. Hatibu alikuja juu, akafoka, kisha akaketi apate kujua kama yule binti ataozwa kweli. Aliondoka baada ya isha, kanzu ameisahau.

Hadithi ya msiba hukuitaka. Kila moja uliisoma kwanza peke yako mpaka mwisho, na kama wapenzi wanakufa, uliirudisha ilikotoka. "Vifo tunavyo vya kutosha," ulisema, na baada ya vita vile vya Maji Maji nani angekubishia? "Mimi nataka harusi."

Basi watu wakaja kukusikiliza ukisoma. Gabrieli wa Mgeta, Mkristo wa misheni, alikuwa akiutua mzigo wake wa maharage kwako kabla hata ya kufika sokoni.

"Shikamoo, Mzee. Yule binti wameshamwachia?"

"Marahaba. Kaa chini, usiniharibie utamu."

Nawe ulikuwa na inda, tuseme kweli. Ukifika penye utamu wenyewe unanyamaza. Kidole kwenye mstari, macho chini, kimya, kama hujui kwamba tupo. Tukubembeleze, tukutukane, hufungui kinywa mpaka mkeo Mwaisha alete kahawa.

Siku ile ilikuwa hadithi ya mchunga punda na binti wa muuza chumvi, aliyokuletea mpwa wako Rehani kwa garimoshi kutoka Dar es Salaam. Baba wa binti alikuwa amekataa posa mara chungu nzima. Mchunga punda akapiga magoti mlangoni kwa mara ya mwisho. Yule baba akafungua mlango, akamtazama, akasema...

Ukanyamaza.

Tukacheka! Mungu atusamehe, tulicheka. Gabrieli alipiga makofi, "Lo, Mzee huyu!" Mwaisha akainuka na birika, akikusema kama kawaida yake: "Bwana wewe utakuja kutuua kwa vituko. Haya, kunywa, uwaoze watoto wa watu." Akamimina, akakuwekea, akangoja. Kahawa ikaacha kufuka moshi. Ndipo akakugusa bega.

Kicheko kile ndicho kilichomkaa Mwaisha rohoni. "Mume wangu anakata roho, nami namtania!" alijilaumu. Alikifunga kitabu, akakifukia chini ya kanga sandukuni, akaapa kwamba hakitafunguliwa tena. Kahawa akaacha kuipika. Na siku ya maziko, Dadi, mtani wa ukoo wako, alijilaza njiani mbele ya jeneza kama watani wafanyavyo, akapiga kelele: "Hapiti mtu! Aseme kwanza kama wameoana!" Watu wakacheka huku machozi yanawatoka, Dadi akapewa kuku wake, akapisha. Kicheko kikafika mpaka ndani kwa wanawake. Mwaisha akaziba masikio.

Ijumaa iliyopita tulikusomea hitima ya mwaka. Baada ya dua, Dadi yuleyule akasimama mlangoni.

"Shemeji," akasema, "mchunga punda yuko magotini mwaka mzima. Unamwonea."

Tulidhani atafukuzwa na mwiko wa ugali. Mwaisha alimtazama sana, kisha akaenda sandukuni.

Kitabu alimpa Mosi, binti yako uliyemfundisha herufi mwenyewe. Ukurasa ulijulikana mara moja kwa doa la mafuta ya cherehani, pale kidole chako kilipokuwa. Mosi akasoma: baba akafungua mlango, akamtazama, akasema, "Mwanangu, umechelewa. Bibi harusi amechoka kukungoja."

Tukageuka kumtazama Mwaisha.

"Kumbe alikuwa anajua," Mwaisha akasema. "Si alikuwa akisoma kwanza mpaka mwisho? Bwana wangu alikuwa anajua harusi ipo."

Akapiga kigelegele. Kwenye hitima, jamani! Majirani walitoka mbio, wengine wakidhani amerukwa na akili. Akapiga tena, machozi yanamtiririka, halafu akaenda jikoni kukoka moto. Tulisikia kinu cha kahawa kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Unakumbukwa na mkeo Mwaisha. Binti yako Mosi, ambaye sasa ndiye msomaji wetu, na inda yako ameirithi. Mpwa wako Rehani. Ndugu zako wa Mikese. Mtani wako Dadi, asiye na haya. Na Gabrieli wa Mgeta, ambaye si wa damu, ila maharage ya hitima aliyaleta yeye. Hatutakusahau maisha yetu yote.

Kikombe cha kwanza kila alasiri ni chako. Mwaisha anasema safari hii nyamaza upendavyo, atakungoja.