Pasi Iliyoripotiwa Kupotea

Jumatatu, 9 Juni

Kitindamimba wangu,

Nakusalimu, ingawa ukimaliza kusoma huenda usizitake salamu zangu. Kwa miaka mitatu nimekuficha kwamba ni mimi niliyeripoti kwamba pasi yako ya kusafiria imepotea.

Dada yako amenisomea ujumbe wako: umezuiwa kwenye uwanja unapobadilishia ndege. Mimi nipo wodini, nageuzwa kama mtoto; hata barua hii muuguzi ananiandikia. Daktari ameacha kunitajia wiki, sasa ananitajia siku.

Likizo ile, ulipoanza kufunga sanduku, nilikwenda polisi na nakala ya pasi yako. Mkuu wa kituo nilimfundisha darasa la sita. Hakuuliza mara mbili. Nilitaka uzuiwe, ubaki nami. Taarifa zikachelewa, ukaondoka. Nikanyamaza, nikidhani zimezikwa kwenye majalada.

Baba yako

Jumatatu, 9 Juni, jioni

Baba, shikamoo.

Kifua kinaendeleaje? Unakula? Mimi mzima, ila nimechoka kuitwa. Tangu jana nimekaguliwa mara tano. Simama hapa. Vua miwani. Tazama kamera. Kila zamu mpya inaanza upya, kana kwamba nimezaliwa asubuhi hiyo. Wa mwisho aliimulika pasi kwa taa yake ya zambarau, akasema, "Dada, kwenye kompyuta hii kitu ilishafutwa."

Mwalimu mkuu mzima, Baba! Wewe uliyenipigisha magoti wiki nzima kwa sababu nilisema kalamu imepotea, kumbe nimeificha!

Nilimwonyesha afisa barua yako. Akacheka: "Hata mimi naweza kujiandikia barua ya baba." Wanataka kauli yako. Kesho saa nne asubuhi afisa wa pasi wa huko nyumbani atakupigia. Mwambie tu haikupotea. Ukisema hivyo, napanda ndege ya mchana, na usiku nitakuwa nimekushika mkono. Usiposema, wananirudisha nilikotoka. Hasira ninayo, tena nyingi, lakini hiyo nitakuja nayo nyumbani.

Mwanao, Kitindamimba

Jumanne, 10 Juni, saa saba mchana

Baba, shikamoo. Uko macho? Wamekupigia? Abiria wameanza kuingia ndegeni, mimi bado nimekalishwa kwenye benchi. Tafadhali, Baba.

Mwanao

Jumatano, 11 Juni

Mwanangu,

Sijui nikuulize hali kwa uso gani. Dada yako anasema wamekurudisha jana jioni, na kwamba mnalaumu mtandao, au muuguzi aliyeniacha nilale. Msimlaumu mtu. Simu ilifika saa nne na dakika tano, nami nilikuwa macho na akili timamu.

Siwezi kushika simu, kwa hiyo muuguzi aliiweka sauti ya juu. Wodi nzima ikageuka kusikiliza. Afisa alinipa shikamoo, akaniita mwalimu mkuu, akasema alisoma kwangu na shule nzima ilijua kwamba mimi sisemi uongo. Kisha akauliza, "Mwalimu, kuna mwanamke anasema ni binti yako na pasi ni yake. Je, ulikosea uliporipoti?"

Tangu jana namtafuta afisa huyo kwa simu ya muuguzi. Inaita tu, haipokelewi. Nilitaka kukuachia kisingizio cha mtandao, nife na ukweli wangu. Nimeshindwa.

Nilimjibu kwamba binti yangu alipoteza pasi yake kweli, na huyo mwanamke simjui.

Baba yako