Baraka ya Waliotoka Mapema

Mwalimu,

Shikamoo. Sijui huko uliko watu wanaamkiana vipi, lakini siwezi kukuandikia bila kukuamkia. Ungesema Elia amesahau adabu mara tu ulipofumba macho.

Kanisa letu la Mkonze lipo. Tumemaliza kuezeka ule upande wa kwaya, vijana wameleta spika kubwa ambazo ungezichukia, na mchungaji bado anakuja mara moja kwa mwezi kwa kuwa ana makanisa mengi ya kuzungukia. Jumapili nyingine zote zimeniangukia mimi. Ndiyo, mimi mchomelea mageti, uliyenifundisha kusoma somo bila kukimbia kama ninafukuzwa. Wazee wa kanisa walisema nilikuwa karibu na wewe, basi niendeleze kazi yako ya ualimu wa kanisa. Nilitaka kukataa, nikakubali.

Nakuandikia kwa sababu nilifanya kosa, na katika kosa hilo nikapata kitu chako ambacho sikujua ulinipa.

Unakumbuka tulivyokuwa tukivutana kuhusu baraka ya mwisho wa ibada. Wimbo wa mwisho ukianza tu, mimi nimeshafika mlangoni, pikipiki hiyo hadi karakana Kizota, maana wateja wangu wa Makole ni watumishi wa serikali na wanataka mageti yao Jumapili wakiwa nyumbani. Hukunikasirikia hata siku moja. Ulinitazama tu kwa lile jicho lako la pembeni ukasema, "Elia, unapika chakula chote halafu unaondoka kabla ya kupakuliwa." Ukanieleza kwamba ibada nzima sisi tunatoa, nyimbo, sadaka, maombi, na pale mwisho ndipo tunapokea cha kutoka nacho. Mimi nikaitikia kwa kichwa. Moyoni nikasema huyu mzee naye, si ni kuagana tu.

Jumapili yako ya mwisho nilitoka mapema vilevile. Jumatano ukaanguka kwenye shamba lako la zabibu, na kabla hawajakufikisha hospitali ukawa umekwenda. Hilo lilinikaa kooni miezi yote hii. Kwenye mazishi nilibeba jeneza lako bila shida. Kilichonimaliza ni kufikiri kwamba ulisimama ukitutakia mema mara ya mwisho, na mimi nilikuwa nje napiga kiki pikipiki.

Sasa kosa lenyewe. Ilikuwa Jumapili ya mvua ya kwanza. Unajua sisi na mvua, tunaisubiri hadi tunaisahau. Ilishuka tukiwa kwenye matangazo, na kwa lile bati lisilo na dari hata spika za vijana hazikufua dafu. Watu wakaanza kunyanyuka. Mmoja ameanika magodoro, mwingine anawaza mbegu zake, wengine walitaka tu kutoka wakaione. Nikaona nitapiga kelele bure. Nikawapungia mkono, nendeni. Kanisa likawa tupu kufumba na kufumbua, nami nikajichekea kwamba leo baraka imeshuka yenyewe juu ya bati.

Nikaenda kufunga madirisha. Nilipogeuka, nikamwona Mama Nyemo, mkeo wa miaka yote ile, ameketi benchi la tatu, viganja wazi juu ya mapaja. Nikadhani anangoja mvua ipungue. Nikamwambia nitamtafutia mwavuli. Akatikisa kichwa.

"Baraka bado, mwanangu. Kesho naingia kupasuliwa. Siwezi kutoka hapa hivihivi."

Mwalimu, nilitamani ardhi inimeze. Habari ya uvimbe wake tulikuwa nayo sote. Asubuhi hiyohiyo tulimwombea kwa jina. Na mimi nikampungia mkono na wenzake kama ninayefukuza kuku kwenye mtama.

Nikakimbilia pale mbele, mahali pako pa kuhubiria, kwa sababu nilidhani ndiko baraka inakotoka. Nikafika, nikakumbuka ulivyonifundisha: sisi si wachungaji, hatunyooshi mikono juu ya watu, tunaomba baraka tukiwa katikati yao. "Shuka," uliniambia siku ya kwanza ulipoanza kunifundisha, "na wewe unaihitaji." Nikashuka. Nikaketi kando yake, na kwa kelele za mvua ikabidi niyaseme karibu kabisa na sikio lake, yale maneno ya neema na upendo na ushirika ambayo nimeyasikia tangu utoto. Nilipofika kwenye kukaa nasi sasa na hata milele, sauti ikakatika. Akamalizia yeye. Akasema amina, akafumba viganja taratibu.

Hapo ndipo nilipokuelewa. Kesho yake mama yule angesukumwa kwenye kitanda chenye magurudumu hadi mlango ambao mwanenu Nyemo hawezi kuuvuka, wala mimi, wala mchungaji. Alitaka aingie na Mungu wake, na aambiwe hivyo kwa sauti, na mtu anayemfahamu. Hakuwa akingoja ibada ifungwe. Miaka yote ile ulikuwa ukitusindikiza, nami nikadhani unafunga mlango.

Mvua ilipotulia nikamwambia lile lililonikaa kooni. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama kweli sikuwahi kujua. Akaniambia kwamba kila Jumapili, watu wakishaondoka, wakati yeye anakusanya vitabu vya nyimbo, wewe ulikuwa unageukia mabenchi matupu na kuiomba tena baraka kwa ajili ya waliotoka mapema. Kwa majina. Hukuwasema, hukuwaorodhesha kwa wazee, uliwaombea tu.

"Na Jumapili yake ya mwisho alianza na wewe," akasema. "Akacheka, akasema huyu Elia na pikipiki yake, Bwana amfikie hukohuko."

Nililia, Mwalimu. Nililia mbele ya mkeo kama mtoto mdogo, naye akanipigapiga mgongoni, mgonjwa akimbembeleza mzima. Asante. Sina neno lililo kubwa kuliko hilo. Asante kwa kila Jumapili niliyokupa kisogo na wewe ukanifuata.

Alipasuliwa salama. Yuko nyumbani, na Nyemo amehamia kwake ili amzuie kunyanyua ndoo, kazi ambayo naona inamshinda. Jumapili hukaa benchi lilelile.

Nami nakuahidi hivi: mvua inyeshe, jua liwake, sitamruhusu mtu atoke tena mikono mitupu. Na wakishatoka wote nabaki, nageukia mabenchi, nawataja wale wenye haraka. Siku hizi wako wengi, na wengine ni vijana wangu wa karakana, nadhani wamejifunza kwangu.

Jumapili iliyopita nilipomaliza majina nikaona bado. Najua mchungaji akisikia atanikalisha chini, atasema wafu hatuwaombei, nami nitamjibu kwamba sikuwa nakuombea, nilikuwa nakuaga, kwa kuwa sikukuaga. Nilisimama katikati ya mabenchi nikalitaja jina lako. Safari hii wewe ndiye uliyetoka mapema, Mwalimu. Bwana akufikie hukohuko.

Elia