Kiganja Juu ya Shaba

Baba yangu mpenzi,

Nimeikumbuka ile chumvi nyeupe uliyokuwa ukiinyunyiza ndani ya sufuria za shaba za wateja wako zikishapata moto, kabla ya kuzitia bati. Moshi wake ulitukereketa koo, mama akifunga madirisha na kulalamika kwamba majirani wote wa Changamwe watatuhama. Nilikuuliza chumvi ile ni ya nini, ukanijibu inaondoa uchafu usioonekana. Nikauliza, kama hauonekani, umeujuaje? Ulicheka, ukasema nitakuja kuwa hakimu.

Kisha ulilisambaza bati lililoyeyuka kwa bonge la pamba, na wekundu wa shaba ukageuka weupe mbele ya macho yangu. Sikuchoka kutazama. Sharti lako lilikuwa moja tu: "Shaba ikishasuguliwa haiguswi, mwanangu. Hata mimi siigusi."

Nilikuwa darasa la nne mpishi wa harusi kutoka Magogoni alipoleta sufuria lake la pilau, kubwa hata ningeweza kuogea ndani. Ulilisugua kwa mchanga na ndimu likang'aa, ukaenda kuswali adhuhuri. Mama alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kunisuka, na kikopo cha mafuta ya nazi nilikishika mimi, viganja vikiteleza. Nilitaka kujua tu, shaba safi ina ubaridi gani. Nikabandika kiganja. Alama ilitokea, nikaifuta kwa kanga, ikapotea. Nikadhani yamekwisha.

Haikupita mwezi, mpishi akarudi. Mchuzi wa ukwaju ulilala sufuriani ukaamka kijani kwa sumu ya shaba. Ulikwangua kwa ukucha, bati likabambuka na kuacha doa jekundu la shaba, ukasema limechanganywa na madini ya risasi. Bati hilo alikuletea Ami, ndugu yako wa pekee. Alipokuja ulimwambia mbele ya mpishi kwamba amekuletea takataka. Aliapa wallahi alilinunua safi. Hukumsikiliza. Mimi nilikuwa mlangoni, naliangalia lile doa, ukubwa na umbo lake kama kiganja changu sawasawa. Nikanyamaza.

Idd ile Ami hakuja, wala zilizofuata.

Ulikuwa na mwaka kaburini nilipofunzwa chuoni kwamba metali hushikana na kitu kingine kwa safu yake ya juu kabisa, chembe ndogo hata ukizipanga maelfu hazifiki unene wa unywele. Mafuta niliyoyafuta kwa kanga yalibaki, utando ambao jicho haliuoni. Yalipoungua motoni, masizi yake, ambayo hata chumvi yako haiyaondoi, yakatosha kulizuia bati lisiishike shaba. Palepale darasani nilijua doa lile lilikuwa la kiganja changu. Na bado, Mungu anisamehe, nilinyoosha mkono kuuliza utando huo unaweza kuwa mwembamba kiasi gani. Niliona haya, lakini hamu ya kujua ilinishinda, kama siku ile.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Mikindani kwa Ami, nikamweleza yote. Alinisikiliza, akaniuliza kama nimekula. Nilipomwomba radhi alinisogezea sahani.

"Mimi bati langu nalijua," akasema. "Asiyejua ni babako. Mwambie yeye."

Sijui aliyelala huambiwaje, baba, nami nimezoea kuuliza kuliko kuungama. Nilikuwa na miaka mingi ya kukwambia ukiwa hai, umekaa bila nduguyo kila Idd, na nilikuogopa.

Basi nakwambia. Bati la Ami lilikuwa safi. Mkono ulikuwa wangu.

Mola akulaze pema,
Bintiyo