Maelezo kuhusu Bunduki ya Upepo ya Maeng Tae-hwan na Kifo cha Pyo Dong-su

KITUO CHA POLISI DARAGOL, KOREA KUSINI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Ok Jae-myeong
Umri: Miaka 63
Kazi: Mkulima wa matofaa
Makazi: Kijiji cha Neureup, Daragol
Tarehe: 8 Desemba 2019

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Marehemu Pyo Dong-su alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Maeng Tae-hwan ni jirani yetu aliyehamia kijijini mwaka jana baada ya kustaafu kazi ya ofisini Seoul. Sina ugomvi naye. Amekula kwangu mara nyingi.

Mnamo mwezi Oktoba mwaka huu Maeng alituomba mimi na Dong-su tumsindikize mjini kuchagua bunduki ya upepo. Alitaka kuwinda nasi msimu wa baridi, kuku wa porini na tetere. Kibali chake kilikuwa kimetoka. Mwenye duka, Bibi Ban, aliweka bunduki mbili juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, ya kupampu kwa mkono kabla ya kila risasi. Ya pili ilikuwa nzito, ina mtungi wa hewa na darubini kubwa. Hiyo ukishaijaza hewa unapiga risasi nyingi bila kupampu. Unaweka risasi, unavuta, basi.

Mimi nilimshauri achukue ya kupampu. Nilimwambia kwamba mtu anayeanza anahitaji kitu cha kumchelewesha. Maeng aliinyanyua akacheka.

"Kaka, hii si ya watoto?"

Dong-su akamwambia, "Kwani unawinda kuku au kifaru? Ukimkosa kuku kwa hiyo, ujue mwenye kasoro ni wewe."

Bibi Ban naye alicheka. Alimuuliza Maeng kama ataweza kubeba ile nzito mlimani kutwa nzima. Maeng akajibu, "Mama, mimi bado kijana." Alichungulia kwenye darubini kuelekea dirishani, akasema anaziona hata kucha za mtu aliye ng'ambo ya barabara. Akachukua hiyo nzito. Hatukumbishia zaidi. Bunduki ni yake, na kibali ni chake.

Leo Jumapili, saa moja asubuhi, tulifika hapa kituoni tukachukua bunduki zetu, ambazo sheria inataka zihifadhiwe hapa. Tulikwenda kwa gari langu hadi mashamba ya mpunga yaliyovunwa, chini ya kilima cha Gomjae. Kulikuwa na barafu nyembamba kwenye mitaro. Tuliposhuka, Maeng aligundua kuwa ameacha nyumbani kizibao chake cha rangi ya chungwa, kile mwindaji anachovaa ili wenzake wamwone. Mimi nilisema turudi. Dong-su alivua cha kwake akamtupia.

"Vaa wewe, mgeni. Mimi hapa hata kuku wananijua kwa jina."

Alibaki na koti lake la kahawia. Nilimwambia, "Dong-su, acha utani, turudi." Akasema, "Shemeji, tukirudi dada atatupa kazi ya kupasua kuni." Tukaendelea.

Yapata saa tatu Maeng alimpiga jogoo wa porini, akaangukia ndani ya matete kando ya mtaro. Alifurahi sana. Dong-su alisema atamfuata, kwa kuwa Maeng alikuwa na viatu vinavyoingiza maji. Kanuni yetu ni moja na Maeng anaijua, nilimfundisha mwenyewe: mtu akiingia kuokota, hakuna anayeweka risasi mpaka atoke. Dong-su alinikabidhi bunduki yake akaingia ameinama.

Mimi niligeuka kuiegemeza bunduki yake kwenye ukingo wa shamba. Nikasikia mlio. Bunduki hizi hazina kishindo, ni kama mtu kapiga kofi moja. Halafu Maeng akapaza sauti, "Nimempata mwingine!"

Nilikimbia. Dong-su alikuwa amelala ubavu, kuku yuko mkononi. Risasi ilimpata shingoni. Nilikandamiza jeraha kwa skafu yangu na kwa mkono. Aliniangalia. Alijaribu kusema kitu, ila hakukuwa na sauti. Nilimwambia anyamaze, gari la wagonjwa linakuja. Halikuwa limefika alipofariki.

Nikiulizwa na Afisa iwapo ile bunduki nyepesi isingeua, najibu sijui. Tulikuwa karibu mno. Huenda nayo ingeua. Ninachojua ni kwamba ile ya kupampu ingemlazimu kusimama na kupampu, na Dong-su angekuwa ameshatoka.

Nilipokuwa bado nimeishika shingo ya shemeji yangu, Maeng alichuchumaa karibu akasema, "Kaka, mwenzetu ndio keshaondoka. Mimi nina mke mgonjwa. Tuseme alikataa kuvaa. Tuseme hiki kizibao ni changu." Niliendelea kukandamiza. Polisi walipofika aliwaeleza hivyo mbele yangu, huku amekivaa.

Hayo si kweli. Kizibao ni cha Dong-su. Mke wangu alikishonea mfuko ndani kwa ajili ya vidonge vya presha vya Dong-su. Fungueni mtavikuta. Aliuawa akiwa hana kizibao kwa sababu alimvisha aliyempiga.

Mke wangu amepiga simu tangu nikae hapa. Sijapokea. Atakuwa anataka kujua kuku ni wangapi, kwa sababu unga wa kufungia nyama yao, wa kupika mandu, ameshaukanda. Naomba asiambiwe na askari. Nitakwenda mimi.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, sina la kuongeza wala la kupunguza.

Saini ya shahidi: Ok Jae-myeong

Maelezo ya Afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekiri ni yake. Alinawa mikono mara mbili kabla ya kusaini. Nimempeleka kijijini kwa gari la kituo. Aliomba tumshushe mbali kidogo na nyumba yake ili gari lisionekane. Tulimshusha. Alisimama barabarani kwa muda, na kabla hajaanza kutembea, mlango wa nyumba ulifunguliwa.

Sajini Seon Mi-gyeong