Mbegu za Kamanda

Jumatatu, 4 Machi 1991

Rangi imefika kutoka Uingereza. Kichupa kidogo kama cha wanja, kimezungushiwa barafu kama samaki. Rangi hiyo inaingia ndani ya chembe hai, na ikikuta kalsiamu inawaka kijani chini ya darubini. Chembe ikiwa imekufa — giza. Profesa Ondiek, mkuu wetu wa idara, ameuliza kama itawaka vizuri mbele ya wageni. Siku hizi wageni ndio utafiti.

Chembe hai nitoe wapi? Panya wetu waliliwa na paka wa kantini.

Jumanne, 5 Machi

Lazarus, yule wa kupandisha ng'ombe kwa sindano huko Kapseret, ameniletea mbegu za ndume wa Mama Warigia. Ndani ya flaski ya chai. Kwake sinywi chai tena.

Nikatia rangi. Mungu wangu. Vichwa vidogo vya kijani, vinaogelea kama vimechelewa kanisani. Nilikodoa macho mpaka shingo ikakataa.

Jumatano, 6 Machi

Lazarus amerudi, leo hana mzaha. Mzee Bethwel, mwenyekiti wa chama tawala hapa wilayani, ana ndume anaitwa Kamanda. Shingo kama ya mwenyewe. Mwaka mzima anapanda, hakuna ng'ombe aliyeshika mimba. Mzee anasema Simeon, mchunga ng'ombe wake, amewalisha dawa. Simeon yuko ndani, stesheni ya polisi, tangu Ijumaa. Mkewe alipeleka uji, ukarudishwa.

Lazarus alikuwa ameficha mbegu za Kamanda ndani ya koti. Nimepima, nikarudia, nikarudia tena. Giza. Zimelala chali kama walevi wa mtaa wa Huruma Jumapili asubuhi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwambia Profesa. Alifunga mlango, kisha dirisha. Kesho Mzee anakuja kuona maabara, na ndiye ataongoza harambee ya kuchangisha pesa za jenereta yetu. Anataka nimwonyeshe mbegu za ndume wa Mama Warigia, nimwambie ni za Kamanda.

"Mbegu hazina uso, Hulda," akasema.

Nikauliza, na Simeon? Akasema Simeon si mradi wa idara.

Sijala.

Ijumaa, 8 Machi

Mzee Bethwel amekuja na fimbo na watu wake wa kupiga makofi. Nikaweka za Mama Warigia. Akachungulia, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Huyo ndiye Kamanda! Wakapiga makofi, hata ambao hawajaona kitu. Profesa akanikonyeza nizime taa.

Nikasema, "Mzee, huyo ni wa jirani yako, Mama Warigia. Kamanda ni huyu." Nikabadilisha kioo.

Akatazama. Giza. Makofi yakakosa pa kwenda. Akaamuru wote watoke, Profesa pia, mimi nibaki. Nikajua nimekwisha.

Akavuta stuli, akakaa. Akauliza polepole, bila kuniangalia: "Daktari, na za mtu? Hii mashine inaweza?"

Ameoa wake watatu. Wawili amewarudisha kwao, eti tasa. Mtoto hana hata mmoja.

Nikamwambia inaweza. Lakini Simeon atoke kwanza. Sijui ulimi huo niliutoa wapi. Aliingia ofisi ya Profesa, nikasikia simu ikizungushwa.

Naandika hapa kando ya darubini. Profesa yuko koridoni, ananiangalia kama anayetazama maiti. Sasa hivi Mzee ametoa kichwa mlangoni, simu mkononi. OCS, mkuu wa stesheni, anangoja. Anauliza Simeon anaitwa nani jina la pili.

Nimemtazama Profesa. Profesa amenitazama mimi. Hakuna anayejua, hata Mzee aliyemfungisha.