Bingwa wa Ligi ya Ishara

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimekunywa chai na mtu! Miaka sita kwenye chumba hiki cha kufulia, mashine zinanguruma, kila mtu na shuka zake. Sasa nina programu ya lugha ya ishara kwenye simu. Ukipatia, nyota zinamwagika, kengele inalia. Mimi, mtu mzima na mvi zangu, nilijipigia makofi jikoni. Asubuhi nikamfanyia Jirani – yule mama kiziwi wa meza ya pasi, namwita hivyo tu – ishara ya chai. Alicheka mpaka akashikilia meza. Akaleta vikombe viwili.

Jumatano, 12 Machi
Kumbe programu ina ligi. Niko wa nne! Mtu anajiita Kiroboto ananikaba koo. Nimegundua njia ya mkato: somo la wanyama lina pointi sawa na masomo magumu. Basi ni tembo, twiga, tembo, twiga. Mengine yatangoja.
Wakati wa mapumziko Jirani alikaa karibu nami. Nikamwinulia kidole – subiri kidogo. Nilipoinua macho alikuwa ameshaondoka.

Jumamosi, 22 Machi
Wa kwanza! Kombe la dhahabu! Nikampigia dada. Akauliza nimeshinda nini hasa. Nikasema kombe. Akasema hongera, ana chungu motoni. Nimekaa na simu mkononi. Upweke gani huu, na mimi ndiye bingwa.

Jumatatu, 24 Machi
Nimemtambia Jirani kombe. Kanikumbatia! Anadhani nimekuwa mjuzi. Sikumsahihisha.

Alhamisi, 3 Aprili
Jirani kanijia mbio, macho mekundu, mikono inasema, inasema. Nimeshika mawili tu: mama, kesho. Ningekiri sijaelewa yangeisha. Lakini aibu! Nikaitikia kwa kichwa – ndiyo, ndiyo. Akanishika viganja vyote viwili. Nimekubali nini, Mungu wangu?

Ijumaa, 4 Aprili
Msimamizi kanipokea mlangoni. Binti yake Jirani kapiga simu kutoka mbali: bibi yake anapasuliwa leo, mkalimani wao anaumwa, na anamshukuru sana yule mama wa kufulia aliyekubali kumsaidia mama yake kwa daktari. Nenda basi, kasema, shuka nitakunja mimi.

Niko kwenye benchi nje ya wodi. Maji yamenifika shingoni. Jirani hajui kusoma, la sivyo ningemwandikia. Nimetikisa kichwa, nimejigonga kifua – sijui, mimi sijui! Akadhani naogopa. Akanipapasa mgongo. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunipapasa mgongo. Nimelia kidogo.

Nimefungua simu. Somo la hospitali limefungwa mpaka nimalize mengine manane. Pointi elfu tisa ninazo – zote za tembo na twiga.

Daktari katoka na karatasi ya kutia saini. Anauliza mkalimani ni nani. Jirani kaninyooshea kidole, na anatabasamu.