Wateja wa Baba Hawabishi Hodi Tena

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie maana niko pabaya na kila asubuhi naongeza uongo juu ya uongo. Baba yangu alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani miaka arobaini, chumba chake cha kazi kilikuwa hapa hapa uani, kina benchi moja la wateja na harufu ya mafuta ya mashine ambayo hata leo nikiinusa najiona niko shule ya msingi, naingia na mkoba mgongoni, na yeye bila kuinua kichwa anamuuliza mteja aliyeleta mashine mbovu swali lake la kila siku, "Nani aliigusa mara ya mwisho?", mteja anaanza kujiumauma, ah fundi, shemeji alijaribu kidogo tu, na baba anacheka mpaka miwani inamwanguka. Mikono ilipoanza kumtetemeka akafunga chumba, nikaona upweke utamuua, ndipo nikamfungulia tovuti, yeye anakaa kitini anasimulia, mimi nachapa, na kila nikitaka kurekebisha maneno ananikatiza, "We binti, andika nilivyosema!" Kwa hiyo kurasa zake zilikuwa na vichwa kama "Cherehani inakata uzi kila nikianza kushona, nifanyeje?", na picha za vidole vyake vilivyojaa mafuta, na watu wakaja kweli, mia nne kwa siku, wengine wanaandika asante fundi, sare ya mwanangu imekwisha. Ilikuwa miaka mizuri jamani, kila asubuhi na kikombe chake cha chai ananiuliza, "Leo wateja wangapi?", maana kwake wale ni wateja.

Sasa mwezi wa tatu nikaipamba upya, nilikuwa naona aibu wenzangu wa ofisini wakiiona, nikaweka muundo wa kisasa, kurasa nikazipa anwani mpya fupi, vichwa nikavisafisha, kile cha kukata uzi kikawa "Hitilafu za Mvutano", vidole nikavitoa nikaweka picha za mashine mpya zinazong'aa. Tangu hapo wageni wanapungua tu, sasa hawafiki thelathini. Kaka anasema watu hawashoni siku hizi, mwenzangu wa ofisini anasema mtambo wa kutafuta mtandaoni umebadili kanuni, mwingine anasema video ndizo zimetumaliza, nami sijui nimwamini nani. Baba akiuliza namwambia mia nne na kumi, anatabasamu, anamaliza chai. Juzi akaniambia, "Mbona siku hizi hakuna anayeniachia hata salamu?" Nilikimbilia jikoni nikalia. Je, nimwambie nimeifunga, au niendelee kumdanganya?

Binti wa Fundi

MSHAURI ANAJIBU

Binti wa Fundi, pole sana. Barua yako imenirudisha kwa mama yangu, aliyekuwa akishona mapazia karibu na dirisha huku akiigombeza mashine utadhani inamsikia. Nilitamani kumsikia tena. Ila pole yangu inaishia hapo.

Umekulia kwenye benchi lile, swali lile umelisikia mara elfu, halafu tovuti inaugua unakwenda kumuuliza kaka, unalaumu video! Nani aliigusa mara ya mwisho? Si wewe? Wageni walianza kupungua lini? Ulipoipamba. Jibu lilikuwa nyumbani kwenu siku zote.

Mimi si mtaalamu wa mambo hayo, nikamwonyesha dada anayetunza tovuti ya gazeti letu. Hata dakika kumi hakumaliza. Anasema anwani za zamani umezitupa bila kuacha maelekezo, na hizo ndizo mtambo wa kutafuta ulizozijua na watu walizozihifadhi. Anayebisha hodi sasa anaambiwa ukurasa haupo, anaondoka zake. Na hizo hitilafu zako za mvutano, nani anaziandika kwenye simu? Mtu aliyebaki na gauni nusu mkononi na hasira tele anaandika "cherehani inakata uzi". Baba yako aliyajua maneno hayo kwa sababu wateja waliyasema mbele yake miaka arobaini. Wewe ukayaonea aibu. Hapo umeniudhi, sikufichi.

Basi keti leo. Fungua ripoti ya utafutaji uone ni kurasa zipi zimepoteza watu na tangu tarehe gani, usikisie. Kila anwani ya zamani ielekeze kwenye ukurasa wake mpya, mmoja mmoja, usizirundike zote kwenye ukurasa wa mbele. Rudisha vichwa vya baba. Rudisha vidole. Wageni hawatarudi kesho, itachukua wiki kadhaa, pengine miezi, na siwezi kukuahidi wote mia nne. Huenda kaka yako naye ana ukweli kidogo, lakini hutaujua mpaka urekebishe ulichoharibu mwenyewe.

Na kesho asubuhi mpelekee chai na umtajie idadi ya kweli kabla hajauliza. Atakuuliza swali lake. Unalijua. Usianze habari za shemeji alijaribu kidogo. Mwambie, "Ni mimi, baba," halafu umshikie miwani.